Nyota Tano za Majirani

Mdogo wangu aliniachia simu yake Jumamosi asubuhi, akaniomba niifungie kwenye droo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua fremu. Nauza chupa za chai, hotpoti na sahani Kariakoo, jumla na rejareja, mwaka wa kumi na nne sasa, na saa hizo huwa sipendi kusemeshwa.

"Shikamoo dada. Kaa nayo hii mpaka jioni. Hata ikilia, usiiguse."

"Marahaba. Na wewe unaenda wapi?"

"Ilala, kwa shangazi. Nikibaki hapa nitakufa."

Hakuwa anatania. Midomo ilikuwa imemkauka, macho mekundu. Gemu yake ilikuwa imetoka alfajiri ile kwenye duka la mtandaoni, na tangu dakika hiyo mtu yeyote mwenye simu, awe Mbeya au Brazili, aliweza kuipakua, kuicheza, kuipa nyota na kuandika anachofikiri. Alikuwa ameitengeneza miaka mitatu kwenye stoo yangu ya ghorofani, baada ya kuacha kazi nzuri katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mama, huko Kilimanjaro, alilia kwenye simu alipoambiwa. Kwetu mtoto akiacha kazi ni ili afungue duka. Haachi kazi akakae anachora mchwa.

Maana gemu yenyewe ni ya mchwa. Unapewa matofali ya maumbo ya ajabu, moja baada ya jingine, hili limepinda kama kiwiko, lile lina vidato kama ngazi, unayageuza na kuyapachika mpaka yawe mnara. Juu ya mnara unaweka walinzi. Kisha mchwa wanakuja kwa makundi, raundi baada ya raundi, wanatafuta tundu uliloliacha. Ukijenga ovyo wanaingia na mchezo umeisha. Hivyo ndivyo alivyonieleza siku moja, na mimi niliitikia "ehee, ehee" huku nikimfungia mteja mzigo.

Kilichokuwa kinamkausha midomo ni hiki. Kuna kampuni ya nje iliyoipenda gemu tangu ikiwa mbichi. Walimwambia aitoe kwanza mwenyewe, wao watakaa pembeni siku saba wasome wachezaji wanasema nini. Wakiridhika wataichukua na kuisambaza dunia nzima, na kutengeneza magemu kutakuwa ndiyo kazi yake. Wasiporidhika, basi, akawapigie magoti wale wa bandarini. Haya yote niliyajua vizuri kabisa, ndiyo maana sina pa kujificha katika habari hii.

Nilimwahidi sitaigusa. Nikaitia droo, nikafunga.

Saa tatu droo ikaanza kutetemeka. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Nikauza hotpoti mbili, nikarudisha chenji pungufu, mteja akanisema. Saa nne nilikuwa nimeshindwa. Namba za kufungulia simu ile nilikuwa nazijua, kwani ni mimi niliyeinunua na kuziweka.

Maoni yalikuwa yameanza kuingia. Wa kwanza alitoa nyota nne: "Mchwa wa raundi ya tatu wanakera kama mawifi, lakini siachi." Nikacheka peke yangu. Wa pili alitoa tatu, analalamika maandishi ni madogo mno, mama yake hayaoni, na hakuna anayeeleza tofali linageuzwaje. Wa tatu aliandika, "Dakika ishirini nimebaki na tofali mkononi sijui niliweke wapi. Aliyetengeneza hii hana huruma." Nilitaka kukasirika, kumbe alikuwa ametoa nyota tano.

Wa nne alitoa nyota moja.

"Kwa macho nzuri, lakini utapeli mtupu. Raundi ya sita ukuta unaanguka wenyewe, mchwa hata hawajafika." Maneno yaliendelea, mistari mingi, sikuyamaliza. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka mitatu mtoto wa watu anajinyima, halafu mtu asiye na jina anamwita tapeli kabla hata jua halijakaa sawa!

Sasa lazima niseme jinsi sisi tunavyoishi. Kariakoo, fremu mpya ikifunguliwa, majirani tunaenda kujaa mlangoni. Tunashikashika bidhaa, tunauliza bei kwa sauti, mmoja anatoka na mfuko mkononi, umejaa au mtupu hakuna anayejua. Mteja haingii duka tupu, anaingia palipo na watu. Na akitokea mtu siku hiyo ya kwanza akasimama mlangoni akitangaza mzigo ni feki, hatumuulizi amegundua nini. Tunamwondoa. Siku yangu ya kwanza mimi nilijaziwa mlango hivyo hivyo, na aliyewaleta wenzake alikuwa mzee wa miavuli, fremu ya pili kutoka kwangu, mtu wa Pwani ambaye babu yake alizaliwa mtaa huu huu. Sikuwa nimemjua hata jina.

Nikaenda kwake.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, binti Mangi. Mbona umevimba?"

"Mdogo wangu kafungua duka leo, na mtu keshamchuria."

Hakuuliza duka la nini wala liko wapi. Alivaa kofia yake, akamwachia mwanawe miavuli, tukatoka.

Mpaka adhuhuri tulikuwa tumepita korido nzima na ghorofa ya kwanza. Watu walikuwa wanaogopa kumaliza bando, nikawapa waifai ya dukani kwangu. Walijazana mlangoni simu mikononi, wanapakua, wanatoa nyota tano, wanaandika. Wa vitenge aliandika, "Mali safi, haichuji." Wa ndoo aliandika, "Imara, haipasuki hata ikianguka." Wa mashuka akaona nafasi isipotee bure: "Karibuni wote, mikoani tunatuma." Mzee wa miavuli alivaa miwani, akafikiri sana, akaandika, "Nimeiona, ni nzuri, Mungu ambariki aliyeitengeneza." Mimi niliandika mwisho, kwa simu yangu: "Gemu bora kuliko zote Bongo." Nilikuwa nimeifungua kidogo tu, nikayaona matofali yakishuka, nikaifunga kwa sababu mteja alitaka chupa ya lita tatu.

Kila aliyemaliza nilimwonyesha pia mahali pa kubonyeza ili kulishtaki lile oni la nyota moja kuwa ni la matusi.

Saa nane likatoweka. Tulishangilia kana kwamba timu imefunga goli. Niliwanunulia watu soda.

Saa tisa yakatoweka yote.

Nilidhani ni mtandao. Nikazima waifai, nikawasha. Mahali pa maoni palikuwa peupe, na chini yake maandishi kwamba maoni yamefungwa kwa uchunguzi. Kwenye simu ya mdogo wangu ulikuwa umeingia ujumbe mrefu wa Kiingereza, nikausoma polepole kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Maoni arobaini na moja yametoka sehemu moja ndani ya muda mfupi. Watu wale wale wamemshtaki mchezaji mmoja. Inaonekana mwenye gemu ndiye aliyepanga. Ana siku tatu za kujieleza, la sivyo gemu itaondolewa na hataruhusiwa kuweka nyingine.

Niliifuta mikono kwa kanga yangu, mara mbili, tatu, mikono ambayo haikuwa na kitu. Kisha, niseme tu ukweli, niliirudisha simu kwenye droo na kufunga. Kwa saa nzima na zaidi niliuza sahani kama mtu asiye na habari, na kila aliyepita njiani akiwa na gauni la bluu moyo ulinidunda, maana mdogo wangu alikuwa amevaa la bluu.

Alirudi saa kumi na moja akiwa anacheka. Shangazi alikuwa amemlisha na kumtuliza. Aliifungua simu akiwa amesimama katikati ya duka, nami nikageuka kupanga vifuniko.

"Dada." Sauti ilikuwa ndogo. "Nani amefanya hivi?"

Ningeweza kumtaja mzee wa miavuli. Wazo hilo lilinijia, na aibu yake ninayo mpaka leo.

"Mimi," nikasema. "Kuna mtu alikutukana. Alitoa nyota moja."

"Alisema nini?"

"Kwamba raundi ya sita ukuta unaanguka wenyewe."

Akakaa juu ya katoni. Nilitegemea atalia, au atanipigia kelele watu wajae. Badala yake macho yalimtoka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Halafu akasema nini?"

"Sikumaliza kusoma."

"Alijengaje? Alianza na tofali gani? Aliandika mengi?"

"Mengi. Nimekwambia sikumaliza."

Akafunika uso kwa viganja. Ndipo akanieleza, polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Ukuta ule yeye mwenyewe aliuona ukianguka mara moja, miezi miwili nyuma. Alijaribu tena mara mia kuuangusha, ukagoma. Kosa lipo ndani, lakini hajui linaamshwa na nini, na usipojua linaamshwa na nini huwezi kulitengeneza. Alikuwa anaomba, kwa Mungu kabisa, apatikane mgeni mmoja ambaye litamtokea na aandike alichofanya. Wale wa kampuni nao wangefika raundi ya sita wiki hiyo hiyo.

"Watu wote wangenisifia nisingejali," alisema. "Nilikuwa namsubiri huyo mmoja. Ndiye mliyemwondoa."

Jumapili hakuenda kanisani, nami sikwenda. Aliniambia barua ya kujieleza niandike mwenyewe kwa kuwa kosa ni langu, yeye ataitafsiri. Niliandika kila kitu: droo, waifai, ndoo, mashuka. Kuandika kwamba uliahidi na hukutimiza ni kazi ngumu kuliko kubeba katoni. Nilipompa, alinionyesha kitu kwenye kompyuta yake. Mwenye gemu anaona kila aliyeifungua ameicheza muda gani, na mimi akaunti yangu aliijua.

"Angalia hapa," akasema. "Dakika nne. Miaka mitatu nafanya kazi juu ya kichwa chako, dada. Dakika nne."

Hasira nilizokuwa nazo kwa yule mtu wa nyota moja zilinirudia mimi mwenyewe. Yule mgeni alikuwa ameicheza mpaka raundi ya sita. Mimi ndugu wa damu nilikuwa sijaimaliza hata ya kwanza.

Basi Jumatatu nikaanza kuicheza. Nilishindwa raundi ya kwanza, kisha ya pili. Nilipoteza mteja wa jumla kwa sababu ya mchwa. Majirani walipojua tulichofanya, walikuja mmoja mmoja kumwomba msamaha mdogo wangu, halafu wakakaa kusaidia, kila mtu na simu yake, safari hii kwa bando lake. Mzee wa miavuli alifika raundi ya tano akawa anagombana na mchwa kwa sauti: "Nyie hamna kwenu?" Mdogo wangu alizunguka nyuma ya mabega yetu na daftari, anaandika tulivyojenga. Wachache walifika raundi ya sita. Ukuta ulisimama. Jumatatu ikaisha, Jumanne ikafika saa sita, saa saba, ukuta umesimama tu, na siku saba za wale wa kampuni zilikuwa zinayoyoma. Mdogo wangu alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu.

Mimi nilikuwa nimechoka na nimechukia. Wenzangu wote walianzia kwenye kona, mnara umeegemea ukingo, kwa sababu gemu inavyokaa inakuvuta uegemee hapo. Upande mmoja unakuwa salama. Nami nilikuwa nafanya hivyo. Mchana ule nikasema potelea mbali, najenga ninavyojua. Mtu aliyewahi kupitisha masika na stoo ya Kariakoo haegemezi mzigo ukutani. Unyevu unapanda ukutani, katoni ya chini inalowa, na zote zinafuata. Unaacha nafasi ya kiganja. Nikaacha nafasi ya tofali moja, nikapanga mnara wangu pembeni yake, mpana chini, viwiko vikishikana. Raundi ya tatu ikapita. Ya nne. Ya tano ilinitoa jasho. Raundi ya sita ikaandikwa juu ya kioo, mchwa wakatokea mbali kabisa, wadogo kama punje za mtama.

Ukuta ukaanguka.

Hakuna kilichokuwa kimeugusa. Ulimomonyoka kutoka chini, tofali kwa tofali, walinzi wakaporomoka nao.

"Mama yangu," nikasema.

Mdogo wangu alininyang'anya simu. "Usiguse! Usiguse kitu! Umefanya nini? Hii nafasi umeiacha ya nini?"

"Ya unyevu."

"Unyevu? Dada, kwenye gemu hakuna unyevu!"

"Sasa mimi nitajuaje!"

Alinitazama, akaanza kucheka na machozi yakamtoka hapo hapo, akapanda ngazi za stoo mbiombio na simu yangu. Jumatano asubuhi kosa lilikuwa limetengenezwa. Saa chache baadaye jibu la duka la mtandaoni likaja pia. Barua yangu walikuwa wameipokea. Ukurasa ulifunguliwa, maoni ya majirani yote yamefutwa, ya wageni yamerudishwa. Juu yake waliweka mstari mmoja unaosema maoni ya gemu hii yamewahi kuingiliwa. Na akaunti yangu ilifungiwa isitoe maoni tena, ya kitu chochote, milele.

Tuliona tumepona. Nilipika pilau, nikampelekea sahani mzee wa miavuli.

Jumamosi kampuni ikaandika. Alinisomea ujumbe mbele ya meza yangu ya kuuzia, sentensi moja moja, akitafsiri. Gemu wanaipenda. Wameona kosa limetengenezwa haraka, wamefurahi. Barua ya dada yake wameisoma na wanaiamini. Lakini walikuwa wamekubaliana naye kuwasikiliza wachezaji kwa siku saba, na sasa hawawezi tena kujua ni maoni yapi ya kuamini. Wanamtakia kila la heri.

"Kizuri chajiuza, dada," alisema alipomaliza, akaikunja kompyuta. Afadhali angenitukana.

Wiki iliyofuata alihamishia vitu vyake Ilala kwa shangazi. Alipata kazi kwenye ofisi nyingine ya kutoa mizigo, nusu siku, na nusu iliyobaki aliendelea na mchwa wake. Alikuwa akipita kunisalimia, shikamoo dada, habari za hapa, mama anasemaje, akaenda zake. Adabu yote ilikuwepo. Nilikuwa naumia kila akiondoka.

Mimi sikuacha kucheza. Nilianza kwa kujiadhibu, baadaye nikawa nacheza kwa sababu nilitaka kujua raundi ya saba ina nini. Nilijifunza tofali la ngazi linawekwa wapi. Nilijifunza kumwacha mchwa aingie tundu moja ili nimfungie ndani. Nilizimaliza raundi zote kumi na mbili, nikaanza upya. Wageni nao waliendelea kuandika, wachache wachache, na kila walipoiponda nilisoma mpaka neno la mwisho. Nilikuwa na mengi ya kuandika mwenyewe, na mahali pa kuyaandika palikuwa pamefungwa.

Siku moja alikuja kuniletea ndizi alizotuma shangazi. Duka halikuwa na mteja.

"Ile gemu yako ni nzuri," nikamwambia. "Nakwambia kweli. Ni nzuri sana."

"Hata siku ile uliandika hivyo hivyo, dada," alijibu, "na ulikuwa hujaicheza."

Alisema bila ukali, akanyanyua mkoba wake. Niliona anaondoka. Nilitaka kuapa, nimtaje marehemu baba, nimwonyeshe simu. Lakini mimi ni mfanyabiashara, najua kiapo cha muuzaji kina thamani gani.

"Raundi ya tisa inachosha," nikasema.

Akasimama.

"Mchwa wanakuja wale wale wa raundi ya nane, umewabadilisha rangi tu. Ule muziki wake unaniumiza kichwa. Na tofali la kiwiko unalitoa mara nyingi mno, mpaka mtu anakata tamaa, si kwamba ni gumu, linaudhi tu."

Aliweka mkoba chini, akavuta stuli, akakaa.